Wimbo Aliouacha Nusu

Binti yangu alipofariki alituachia sanduku la nguo, godoro, vitabu vya shule aliyokuwa akifundisha kule Midia, na kompyuta moja kuukuu. Nguo mama yake aliwagawia shangazi zake. Kompyuta niliing'ang'ania mimi. Nilisema naihitaji kwa hesabu za duka, na kila mtu nyumbani alijua nadanganya, kwa sababu nauza maharagwe hapa Arua miaka yote na hesabu zangu ziko kichwani.

Kilichokuwamo ni muziki. Alikuwa mwimbaji wa kwaya moja ya Koboko, yenye akina mama wengi waliokimbia Sudan Kusini na wasichana wa hapa hapa, na yeye aliimba sauti ya kwanza, ile ya juu. Programu yake ya muziki ilitunza kila kitu: wimbo upi umesikilizwa, mara ngapi, mara ya mwisho ni lini. Ukiuacha wimbo katikati, ilishika pale pale ulipouachia; ukiumaliza, ikiwashwa tena iliurudisha mwanzoni. Asubuhi tuliyompeleka hospitali alikuwa ameketi kwenye mkeka akisikiliza wimbo wa kwaya yake, huku mama yake akimfunga kitenge. Gari lilipofika akausimamisha. Hakurudi.

Wimbo huo ulibaki juu kabisa ya orodha, na kimstari chake cha buluu kimefika nusu. Kila nilipofunga duka niliwasha kompyuta, nikakitazama, nikazima. Kaburi lake liko nyuma ya nyumba na nalifyeka mwenyewe, lakini pale simwoni. Kwenye kile kimstari nilimwona, kidole chake kikiwa bado hakijaondoka.

Nyimbo zenyewe, tusifichane, zilikuwa mbovu. Kwetu watu hununua nyimbo kwenye vibanda vya kujaza memori kadi, na mteja hutaka wingi, kama anayenunua dagaa. Mwenye kibanda hufanyaje? Anazibana nyimbo mpaka zikonde ndipo zienee zote. Wimbo ukibanwa hivyo, sauti za juu ndizo zinazokufa kwanza. Ngoma inabaki, sauti nzito za wanaume zinabaki, na binti yangu alikuwa amegeuka mlio wa mafuta kwenye kikaango. Nyimbo za kwaya yake mwenyewe alikuwa amezipata hivyo hivyo, kutoka kadi hadi kadi. Mke wangu alizisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akaniuliza, "Baba, yeye iko wapi hapa?" Iliniuma.

Ndipo nikasikia kwamba fundi aliyewarekodi bado anazo rekodi zenyewe, ambazo hazijabanwa. Nikaenda Koboko. Fundi alinipa pole, akanivalisha hedfoni.

"Mzee, hii iko muzima," alisema. "Hakuna kitu imekatwa."

Nilimsikia mtoto wangu akivuta pumzi kabla ya kuimba. Nilivua hedfoni, nikatoka nje, nikasimama kando ya barabara kama mtu anayesubiri mzigo. Niliporudi nilimwambia shida yangu: nataka hizi zichukue nafasi ya zile mbovu, lakini historia yake ya kusikiliza isiguswe, na ule wimbo ubaki nusu kama alivyouacha. Niliogopa atanicheka. Hakucheka.

"Usifute ya zamani kwanza," alisema. "Ukifuta halafu unaweka mupya, programu itasema hii wimbo imekuja leo, mutu hajasikia. Chukua kwanza kopi ya historia yote, weka kwa flashi. Halafu onyesha programu kwamba wimbo ni ile ile, faili tu imehama. Anza na moja."

Nilirudi nyumbani na rekodi zote, nikanakili historia kwenye flashi aliyonipa fundi, kisha nikaanza na wimbo ambao binti yangu mwenyewe hakuupenda, maana hata ningeuharibu asingenilaumu. Haukuharibika. Nikaendelea mmoja mmoja, kwa vidole vilivyozoea kamba za magunia, na ule wa nusu nikauweka mwisho. Nilipomaliza, kimstari kilikuwa pale pale. Nililia kwa furaha, furaha ya kijinga ya mtu aliyenusuru kitu baada ya kupoteza kila kitu.

Mke wangu nilimjazia nyimbo zote kwenye simu, ule wa nusu nao ukiwemo. Alisikiliza akipika, akifua, akichambua mchele, na mara nyingine alisema tu, "Ni yeye hii." Kompyuta niliipandisha juu ya kabati. Nikamwambia asiiguse, nikasema kwa ukali zaidi kuliko ilivyohitajika. Ndivyo nilivyo.

Siku moja nilikwenda mnadani Inde kununua maharagwe. Niliporudi, kompyuta ilikuwa mezani, imewashwa. Kimstari kilikuwa kimefika mwisho.

Nilihisi kama nimezika mara ya pili. Nilimuuliza mke wangu kwa nini, wakati wimbo huo huo anao kwenye simu.

"Ile ya simu ni yangu," alisema. Alikuwa ameketi na ungo mapajani, mikono yake haikusimama. "Hii ilikuwa yake. Alikuwa hajamaliza. Mimi nimemalizia yeye."

Nikafoka. Nilimwambia hajui kazi niliyoifanya, hajui alichokifuta. Kisha nikakumbuka flashi ya fundi. Nikamwambia kwamba kwa bahati nzuri kopi ya historia ninayo, na jioni ile ile naweza kuurudisha wimbo pale pale kwenye nusu, kama vile hajaugusa.

Hakunitazama. Alitoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa.

"Rudisha basi," alisema. "Rudisha yeye pale kati. Gari imekuja, sisi tunabeba yeye, na yeye hajasikia mwisho. Kila siku ukifungua, iwe hivyo."

Nilikaa chini. Sikurudisha kitu. Sasa nikiwasha kompyuta wimbo ule umerudi mwanzoni, kama nyimbo nyingine zote, kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kuuacha.