Kura Moja ya Mzee Kalamu

Mzee Kalamu alishindwa udiwani kwa kura moja: mia mbili na kumi na moja kwa mia mbili na kumi na mbili. Angeshindwa kwa mia, angelala usingizi wake. Lakini moja ina mwenyewe, na huyo mwenyewe, kwa hesabu zake, alikuwa jikoni kwake akikoroga chai.

Maana aliyemshinda, mwenye duka la rangi, ni binamu wa mke wake. Kikulacho ki nguoni mwako. Akaanza kumpeleleza mkewe. Akiimba huku anafagia, anafurahia nini? Akinyamaza, anaficha nini? Siku ya pili alimkuta anamalizia kuongea na simu.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Na dada yako. Mpigie umuulize."

Akampigia. Ilikuwa kweli, na hapo ndipo wasiwasi ulipozidi: mbona wamepanga vizuri hivyo?

Mkewe aliapa mara moja tu. "Baba Watoto, kura yangu nilikupigia wewe. Sirudii." Mzee akasusa chai ya nyumbani siku tisa, akawa anakwenda kuidoea kwa fundi viatu jirani na chuo anakofanya kazi.

Hapo chuoni ndipo alipopewa jina. Miaka ishirini na miwili ametunza stoo ya michezo, na ndiye anayejaza kitabu cha matokeo, kalamu sikioni. Ana mtindo wake: mchezo ukiisha, timu iliyoshindwa anaipiga X kubwa mbele ya jina, iliyoshinda anaiacha safi. Makocha wamelalamika mpaka wamechoka.

Siku ya kumi ilikuwa fainali ya netiboli, na wasichana wa chuo wakafungwa kwa goli moja. Nahodha akaja mezani, macho mekundu.

"Mzee, goli la mwisho una hakika nalo? Yule refa tunamshuku."

"Kila aliyefungwa ana mtu wa kumshuku," alisema kwa ukali, na mkono ukashuka kukipiga X chuo chake mwenyewe. Ukaganda hapo hapo.

Aliikumbuka karatasi ya kura. Majina mawili, visanduku viwili. Alijiona kituoni, mwenye haraka na furaha, akimpiga X mwenye duka la rangi, na jina lake mwenyewe akiliacha safi. Na alama kwenye kisanduku ni kura, iwe ya mapenzi au ya kisirani.

Nyumbani aliweka kitabu mezani akaeleza yote, aibu ikimchoma mpaka masikioni. Mkewe alizitazama zile X za kitabuni, akacheka kidogo, kisha akakaza uso.

"Kwa hiyo sasa umeniamini."

"Nimekuamini, mke wangu."

"Umeamini kitabu. Mimi nilikuwa hapa siku zote tisa." Akaondoa kikombe kilichokuwa mbele ya mumewe. "Chai ya leo kanywe kwa fundi viatu."