Gari Lililohamia Mkuyuni

Mimi ni fundi wa injini za dizeli hapa Igogo, na kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa na mteja niliyemhesabu kama ndugu. Alikuwa mama wa makamo, mkazi wa Buswelu, anayeuza dagaa kwa pikapu kuukuu aliyoachiwa na marehemu mumewe. Mimi nilimwita mayu, kama sisi Wasukuma tunavyowaita mama zetu, naye aliniita mwanangu. Akija kumwaga oili hakuwa na haraka ya kuondoka. Alikaa juu ya tairi bovu mlangoni, akanipa habari za kwaya yao na za jirani zake, huku mimi nimelala chini ya gari namjibu kwa miguno. Haikunijia akilini kwamba siku moja angekaa hivyo kwenye gereji ya mtu mwingine.

Ugonjwa wa lile gari ulianza masika yanaisha.

"Mwanangu, gari limechoka," aliniambia. "Kwenye tambarare linakwenda vizuri. Nikishika mlima na mzigo linapungua nguvu, nakanyaga mafuta haliitiki, halafu linazima kama kibatari kilichopulizwa."

"Ukiliwasha tena?"

"Linagoma. Nikikaa kama nusu saa linawaka, utadhani lilikuwa linanitania."

Nilibadilisha filta ya dizeli, nikatoa upepo kwenye mabomba, nikasafisha filta ya hewa iliyojaa vumbi. Nikalijaribu barabarani likiwa tupu, likaenda kama jipya. Siku ya tatu mayu akanipigia simu, amekwama mlimani na magunia yake. Nikashusha tanki, nikaliosha. Wiki haikuisha, simu nyingine. Nikafungua nozeli zote nne, nikazipeleka kupimwa, zikarudi hazina kosa. Hapo nikaishiwa, na fundi akiishiwa humgeukia mwenye gari. Nikamwambia anajaza dizeli chafu, anazidisha mzigo, hajui kupangua gia mapema. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Labda." Akaondoka bila kukaa.

Zikapita wiki mbili za kimya. Nikajihesabia kwamba gari limepona, hata nikajisifu mbele ya wenzangu. Kisha nikaenda Mkuyuni kutafuta beringi, nikaiona pikapu ya mayu kwenye uwanja wa fundi mwingine, boneti imefunguliwa, magunia yakiwa bado nyuma.

Fundi huyo namfahamu kuliko ninavyopenda. Ni mwanamke wa huko Mara, kwao wavuvi, na tulijifunza kazi pamoja kwa bwana mmoja. Alikuja mjini tayari anajua kufungua injini za mitumbwi ya baba yake. Bwana wetu alikuwa akituita sote wawili mbele ya injini inayonguruma na kuuliza, "Mnasikia nini?" Mimi nilisikia kelele. Yeye alisikia valvu moja inayogonga. Tangu siku hizo namwonea wivu ambao siwezi kuutetea, kwa sababu hajanikosea hata mara moja. Alipofungua gereji yake nilimpelekea hongera, na nikiwa njiani kurudi nikajikuta nasema peke yangu kwamba wateja wanaenda kushangaa mwanamke tu, watachoka.

Siku ile nilipaswa kupita. Nikaingia.

"Karibu, ndugu yangu," alisema, akijifuta mikono. "Za Igogo?"

"Nzuri. Nimekuja kuazima kipimo cha kompresheni." Nilikuwa nacho changu, kipya.

Mayu alikuwa amekaa kwenye kiti chenye egemeo, ana kikombe cha chai mkononi. "Shikamoo, mayu," nikasema.

"Marahaba, mwanangu," akajibu akikitazama kikombe. Kisha akamgeukia yule mwanamke. "Enhe, mwanangu, ulikuwa unaniuliza."

Neno lile lile. Kama kuna mume aliyewahi kusikia mkewe akimwita mwanamume mwingine kwa jina la nyumbani, huyo atanielewa. Nikabaki nimesimama kando ya boneti.

Mwenzangu hakuwa amegusa spana. Alikuwa akiuliza tu. Linazima likiwa limepata moto, au hata asubuhi? Tanki likijaa, au likipungua? Ukifungua mfuniko wa tanki baada ya kuzima, unasikia kama linavuta pumzi? Mayu alijibu moja moja, tena kwa furaha, na mimi nikatambua kwamba katika safari zote tatu nilikuwa nimemuuliza swali moja.

Kisha akachukua dumu la dizeli safi, akalifunga kwa kamba pembeni ya injini, akatoa mpira kutoka dumuni mpaka kwenye filta. Bomba la kutoka tankini akaliziba.

"Sasa linakunywa dumuni," alimweleza mayu. "Tutaona kama injini ndiyo mgonjwa au ni chakula hakifiki." Akanitazama. "Panda, ndugu yangu, tukalijaribu."

Walikaa mbele, mimi nikapanda nyuma juu ya magunia ya dagaa. Kuna mlima mkali jirani na pale, una mawe pande zote mbili, na gari lilipoushika niliomba lizime. Sikutamka neno, lakini niliomba kwa moyo wote, mtu mzima mwenye watoto, nimeshika bomba la pikapu kwa mikono miwili. Gari likapanda. Likafika juu likinguruma sawasawa, na huko mbele nikasikia mayu anacheka.

Tuliporudi akaondoa dumu, akarudisha bomba la tankini, tukaenda tena mlima ule ule. Katikati sauti ikaanza kunyong'onyea. Moshi ukapungua, gari likajikokota, likazima.

"Basi," alisema akishuka. "Injini nzima, pampu nzima. Tatizo liko kati ya tanki na filta."

Akatandika gunia tupu barabarani, akajisukuma chini ya gari. Alipotoka alikuwa ameshika kipande cha mpira chenye urefu wa kiganja. Nikakitambua kabla hajasimama. Nilikifunga mimi, kabla ya masika, wakati mpira wa awali ulipovuja. Siku hiyo sikuwa na mpira wa dizeli, nikakata ule wa maji, nikasema nitaubadilisha baadaye. Nikasahau. Ncha zote mbili zilikuwa na waya niliouzungusha kushoto, maana mimi hutumia mkono wa kushoto.

Akaupasua kwa kisu. Dizeli ilikuwa imeula kwa ndani, tabaka moja limevimba na kubanduka, linaning'inia kama ulimi. Gari likienda taratibu mafuta yalipita. Injini ikivuta kwa nguvu mlimani, ulimi ule ulivutwa ukaziba njia. Likipumzika, unalegea.

Aliutazama ule waya. Kisha akautazama mkono wangu wa kushoto. Tulifanya kazi benchi moja miaka minne, hakuhitaji kuuliza.

"Mpira umechoka, mama," alimwambia mayu. "Hutokea."

Angenifedhehesha pale ningepona. Ningepata sababu ya kumchukia kwa haki. Lakini alinisitiri, na kusitiriwa na mtu unayemwonea wivu ni kama kuvalishwa shati lake. Nilirudi Igogo na kipimo nisichokihitaji, na kwa siku nne sikula vizuri.

Jumapili, baada ya ibada, nikaenda Buswelu. Mayu alikuwa uani anageuza dagaa juu ya wavu.

"Mayu, ule mpira niliufunga mimi. Ulikuwa mpira wa maji."

Akaendelea kugeuza. "Mwenzako hakuniambia hivyo."

"Najua."

"Sasa wewe kwa nini unaniambia?"

Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri kuhusu dhamira. Yakanikauka. "Kwa sababu yeye hakukuambia."

Aliacha kazi, akacheka mpaka akajifuta macho kwa khanga. "Kumbe hata kuungama unashindana!" Akanipa kigoda, akanipa uji, tukaongea kama zamani. Lakini gari hakulirudisha. Mpaka leo linatengenezwa Mkuyuni, nami napata salamu tu.

Siku hizi likija gari linalokosa nguvu, nauliza maswali kwanza, kisha natundika dumu. Nimepata sifa kidogo kwa hilo. Juzi dereva mmoja wa lori aliniuliza nani alinifundisha. Nikakohoa, nikasema kuna fundi mmoja Mkuyuni, mwanamke. Akataka kujua gereji yake iko wapi. Nikamwelekeza vizuri, kona kwa kona. Ila nikaongeza kwamba siku hizi ana kazi nyingi, huenda asimpate.