Kompyuta Iliyokimbia Mara Tatu

Asubuhi ile ya Septemba 2017 Félicité alibonyeza kitufe cha kompyuta yake, akaenda kupika uji, akaunywa, akaosha sufuria, akafagia ua mzima, akarudi. Kioo kilikuwa bado kinazungusha kile kiduara chake.

"Mungu wangu, we unazunguka kwenda wapi?" akaiuliza.

Milimani, juu ya mji wa Baraka, risasi zililia, zikanyamaza, zikalia tena. Barabarani watu walikuwa wameshaanza kupita na magodoro kichwani wakielekea ziwani. Félicité alichungulia dirishani, akaketi, akasimama, akaketi tena. Roho ilikuwa juu.

Kwa miaka kumi na minne mwanamke huyu alikuwa katibu wa shule moja ya sekondari kule Fizi-Centre. Vita vilipoiteketeza ofisi, makaratasi yote yaligeuka majivu. Iliyopona ni kompyuta hii tu, kwa kuwa Félicité alikuwa ameshakimbia nayo. Humo ndani mlikuwa na majina na alama za wanafunzi wote tangu 2003. Kijana aliyepotezewa vyeti na vita, awe Uvira, awe kambini ng'ambo ya ziwa, alituma ujumbe kwa Félicité, na Félicité alimtafutia mwaka wake. Bila yeye, kijana huyo hakuwahi kusoma popote.

Mlikuwa na folda nyingine pia. Iliitwa Albert. Albert alikuwa mumewe, mwalimu wa kwaya, mtu wa sauti nzito na mzaha mwingi. Mwaka 2012 alipanda pikipiki kwenda Misisi; hakurudi yeye wala pikipiki. Picha zake ziliungua pamoja na nyumba yao ya kwanza. Zilibaki nyimbo kumi na moja alizojirekodi kwenye kompyuta hii, na katikati ya wimbo wa saba anakohoa, anacheka, anasema, "Merveille, toka kwa mulango, baba anaimba." Merveille, binti yao, wakati ule alikuwa na miaka minne. Sauti ya baba yake aliijua kwa nyimbo hizo tu.

Nasema mlikuwa, kwa sababu siku tatu kabla ya asubuhi ile Félicité alikuwa ameifuta folda hiyo kwa mkono wake mwenyewe.

Msimlaumu haraka. Kompyuta ilikuwa imeanza kuzembea tangu Pasaka. Bonaventure, jirani yake, mwalimu wa hesabu anayejua kila kitu isipokuwa kunyamaza, alisema ni virusi. Wakasaka virusi siku nzima, wasione hata kimoja. Akasema ni umeme wa sola hautoshi. Félicité akaazima betri nzima ya kanisa, na mambo yakawa yale yale. Mwishowe Bonaventure akakuna kidevu, akasema, "Mama Merveille, hii kitu iko nzito. Uliijaza sana. Punguza."

Neno hilo lilimwingia kuliko yote. Watu wa Fizi wanajua la kufanya na mzigo mzito njiani: unatupa. Na unaanza na vya kwako. Unatupa sufuria yako, viatu vyako, nguo ya harusi yako, mpaka mikono ibaki na mtoto na kile ulichokabidhiwa na wengine. Félicité alikuwa amefanya hivyo mara tatu. Kwa hiyo jioni ile alijiuliza kipi ni chake na kipi ni cha watu. Akalia, akamfuta Albert, akamwaga na pipa la taka la kompyuta ili asipate nafasi ya kujuta. Kesho yake akaiwasha. Ilichukua muda mrefu kuliko jana.

Ndiyo maana sasa alikuwa akimngoja Iddy.

Iddy ni fundi wa simu na redio pale sokoni, kijana wa familia ya Waislamu wa kandokando ya ziwa, mpole hata anapoharakishwa. Alifika saa tatu na mfuko wake wa bisibisi. Kaka yake Assumani alikuwa na mtumbwi wa injini uliokuwa ukivusha watu mpaka rasi ya Ubwari.

"Assumani atatungoja mpaka saa kumi," alisema. "Merveille iko wapi?"

"Iko Ubwari kwa tate, bibi yake, tangu jana. Tengeneza, Iddy. Usiulize mingi."

Iddy hakutengeneza. Kwanza alisikiliza. Alifungua ubavu wa kompyuta, akaweka ncha ya bisibisi juu ya diski na mpini wake sikioni, akafumba macho. Akabadilisha waya, akasikiliza tena. Akafungua barua fupi, ikafunguka upesi. Akafungua daftari la 2009, kompyuta ikaganda, na ndani ya diski kukasikika kra, kra, kra.

"Mama, hii haina virusi. Na haiko nzito. Iko na kidonda. Ndani ya disque muko sahani inazunguka, na kisindano inasoma juu yake. Ikifika pa kidonda inasoma, inashindwa, inarudia, inarudia. Ndiyo ile kuchelewa. Mulishaanguka nayo?"

Félicité alihesabu kwa vidole. Mara ya kwanza aliibeba kichwani kutoka Fizi mpaka Baraka, imefungwa kwa kitenge, mtoto mgongoni, mbio. Mara ya pili mbio. Mara ya tatu, kwenye mto Mutambala, mguu uliteleza na kompyuta ikapiga jiwe kabla yake. Siku ile alishukuru kwamba haikulowa. Miaka yote hiyo alijisifu kwamba ameiokoa, kumbe mbio zake ndizo zilizoipasua ndani.

"Kwa hiyo kama ningepunguza vitu..."

"Hata ungeacha kitu moja tu, ni ile ile."

Hapo uso wa Félicité ulibadilika hata Iddy akaweka bisibisi chini. Félicité akamweleza alichofanya. Hasira yake haikumgusa Bonaventure. Ilimrudia mwenyewe, nzima nzima. Alitaka kuipiga meza, lakini juu ya meza palikuwa na kompyuta.

"Pole, mama," Iddy alisema. "Lakini sikia. Ukifuta, hii ordinateur haitupi kitu palepale. Inatoa tu jina kwa orodha."

Katibu alilielewa hilo kuliko fundi. Mwanafunzi aliyefutwa daftarini anaweza kuendelea kuketi dawatini kwake mpaka aletwe mwingine wa kukalia nafasi yake.

"Basi mutoe Albert!" alisema. "Mutoe sasa!"

"Hapa siwezi. Ni kupitisha kisindano kwa sahani yote, kidonda na kidonda. Itakufa katikati, na wale batoto ya shule watakufa nayo. Kuko mutu Bukavu iko na mashine ya ile kazi. Hapa tuko na jua ya sola mpaka saa tisa. Sema tuanze na nini."

Risasi zililia tena, karibu zaidi. Félicité alisema, "Batoto." Alisema bila kumtazama.

Wakaanza kunakili kwenda kwenye flashi, mwaka mmoja mmoja. Iddy alikataa kuyabeba yote kwa mkupuo. Mwaka mmoja ukikwama, alisema, usiikwamishe mingine. 2003 ilipita. 2004 ilipita. Félicité alitembea kutoka mlangoni mpaka mezani na kurudi, akihesabu miaka. 2009 iligoma, wakairuka. Mchana ulipofika alikuwa amefunga na kufungua kifurushi chake mara tano, asikumbuke alichoweka. Bonaventure alipita nje na mbuzi wawili, akapiga kelele, "Mama Merveille, ilipona?" Félicité alifunga dirisha. Saa nane na nusu wakarudi kwa 2009. Ikakwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza, na Félicité akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Ikapita, isipokuwa darasa moja.

"Zima," Iddy alisema, akazima mwenyewe. Akaichomoa diski, kitu kidogo kama kitabu cha sala, akaivingirisha kwa taulo. "Usiiwashe tena mpaka Bukavu. Na usikimbie nayo. Usiigonge kwa kitu. Unasikia?"

Félicité alimpa flashi. "Wewe kimbia na hii. Wewe uko na miguu."

Barabara ya kwenda ziwani ilikuwa imejaa. Iddy alitangulia. Hawakuwa wamefika sokoni mlio mkubwa ulipotikisa mabati, na watu wote wakatoka mguu niponye: kina mama, baiskeli, kuku, mwalimu Bonaventure na mbuzi mmoja. Félicité alikumbatia taulo kwa mikono yote miwili, akageuza bega kuwazuia wanaomsukuma, akatembea. Miguu ilitaka kukimbia, ilikuwa imezoea. Alihesabu hatua kwa sauti kama anayesoma majina darasani.

Kwenye maji mtumbwi wa Assumani ulikuwa umejaa na kichwa chake kimeshageukia Ubwari. Iddy alisimama majini mpaka magotini, kamba ya mtumbwi mkononi, akimwona mwanamke yule anakuja taratibu katikati ya watu wanaokimbia.

"Mama, kimbia!" abiria walipiga kelele. "We mama, uko mujinga? Tupa hiyo kitu, kimbia!"

"Siwezi," Félicité aliwajibu, machozi yakimtoka, asiongeze hatua. "Niko na baba ya Merveille."

Assumani alishika uzi wa injini. Iddy alimtikisia kichwa, na kamba hakuiachia.