Kifo cha Kachero Kindi

Kwa miaka kumi na minane Milcah Omollo alikuwa Kachero Kindi. Wewe uliyemwona akisuka nywele Kenyatta Market usingejua, lakini ile sauti ya Jumamosi asubuhi kwenye runinga, ya kindi mdogo anayefumbua mafumbo ya vitu vilivyopotea, ilikuwa yake. Watoto wa Jamhuri, mtaani kwake, walikua wakimwita Mama Kindi. Kisha katuni ikasimamishwa, na sauti ikabaki naye bila kazi.

Basi studio moja ya mtaa wa Karen ilipompigia simu kwamba Kindi anarudi, safari hii kwa filamu ndefu ya kutisha, ya kutazamwa na wale watoto wa zamani ambao sasa ni watu wazima, jamani, Milcah alilia mbele ya wateja. Hakuuliza amepewa sehemu gani. Angeuliza nini? Kindi ni yeye. Akatangazia soko zima.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Wahenga hawakufika Karen. Ken, mwelekezi wa filamu, kijana mwenye adabu zake, alimweleza polepole kwamba Kindi anauawa dakika ya tatu. Mpwa wa Kindi ndiye anayemsaka muuaji, na mpwa alishapata wa kumsemea, msichana maarufu. Milcah aliitiwa maneno mawili na kilio.

Ilimchoma, tena sana. Lakini heri nusu shari kuliko shari kamili: kama Kindi lazima afe, basi afe kinywani mwake. Akaingia chumba cha kurekodia, akasema, "Niache, tafadhali," akalia.

Ken akamwomba arudie. Akarudia mara saba.

"Mama, bado unatabasamu," Ken akasema.

Alikuwa kweli anatabasamu. Mzee Ephantus, aliyewafundisha kazi waigizaji wa katuni enzi zile, hakumruhusu mtu amsemee mnyama wa watoto bila kutabasamu. Mtoto, alisema, husikia meno yako. Na Milcah alifunzika kupita kiasi, maskini. Akajibana mashavu kwa vidole. Akamfikiria marehemu mumewe, akalifikiria hata jeneza lake. Machozi yalimtoka, lakini kila akiishika sauti ya Kindi mdomo ulipanda wenyewe. Aliuchukia ule mdomo.

Mwishowe Ken akamwita Nyawira wa mapokezi, eti ajaribu tu. Nyawira hakuwahi kuigiza hata kanisani. Akaweka simu yake mezani, akaingia, akalia mara moja.

Lo! Watu walisisimkwa. Studio nzima ikapiga makofi, na Milcah naye akapiga, maana hakuwa mtu wa kukana alichokisikia. Kindi alikuwa amekufa.

Akasimama pale mlangoni na mkoba wake kwa muda, akingoja labda kuna neno jingine.

"Bado mnanihitaji?" akauliza.

"Hapana, mama," Ken akamjibu kwa upole. "Asante kwa kuja."