Hawajambo Wote

Muuguzi wetu wa utafiti hakai kitini. Kila asubuhi, ofisini hapa Makadara, husimama mbele ya kompyuta akizungushazungusha pete yake, akisubiri majibu ya watu arubaini waliokwenda Umra na programu yetu kwenye simu zao. Programu huwauliza, "Hujambo leo?" Kwa siku sita wote walijibu kwamba hawajambo. Mimi nilifurahi: hakuna homa, hakuna kikohozi. Yeye alisonya tu.

Siku ya saba alimpigia jirani yake, Bi Mahfudha, mmoja wa wale arubaini, aliyekuwa Makka, akaifungulia simu sauti nisikie. "Hujambo, mamangu?"

"Sijambo mwanangu, alhamdulillahi," akajibu Bi Mahfudha, kisha akakohoa mpaka pumzi zikamwishia.

Muuguzi aliruka kama aliyefunga bao. "Wasikia? Sisi twawaamkia! Nani ajibuye salamu kwa ugonjwa?" Papo hapo akaongeza maswali mapya chini ya ile salamu: Na kifua? Na tumbo? Kabla ya adhuhuri majibu yalimiminika, kumi na tisa wanakohoa, na yeye akiyasoma kwa sauti huku akimtumia daktari wa msafara jina moja baada ya jingine.

"Nawe dada, hujambo?" nikamwuliza.

"Sijambo, alhamdulillahi."

"Na tumbo?"

Pete ikasimama kidoleni. Akaangua kicheko, akavuta kiti, akakaa. "Sijatia kitu tangu jana mchana," akasema. "Niletee mahamri."