Namba ya Fundi Kwenye Nyumba ya Kikwe

Msikilizaji wangu, kabla sijakueleza lolote kuhusu udongo, nikuulize kwanza: umewahi kupita mtaa wa Sakina, kando ya barabara ya Nairobi, ukaziangalia nyumba ambazo hazijaisha? Ukuta haujapigwa plasta, madirisha bado ni matundu matupu, lakini tayari mtu ameshaandika kwa rangi nyekundu neno FUNDI, na chini yake namba ya simu. Kwetu ndivyo kazi inavyotafutwa. Fundi hana ofisi wala kadi. Ukuta ndio tangazo lake. Anayepita akiupenda, anapiga simu. Baadaye mwenye nyumba anapiga plasta, namba inafunikwa, na fundi ameshahamia ukuta mwingine.

Ninachotaka kukusimulia ni habari ya fundi mmoja aliyekubali kujenga nyumba yetu lakini akakataa kuiandika namba yake.

Mimi ni mwalimu wa sayansi. Nilizaliwa mjini, mtaa wa Levolosi, wazazi wangu wakiwa wafanyabiashara kutoka Kilimanjaro, na nililelewa kwenye vyumba vya tofali za saruji ambavyo mwezi wa pili vilituoka na mwezi wa saba vikatutetemesha. Mume wangu ni Mmeru, dereva wa watalii, mtu wa kuondoka na wageni na kurudi baada ya wiki mbili akiwa na vumbi masikioni. Tulipopata nafasi ya kujenga kijijini Kikwe, jirani na mama yake, kazi ya kusimamia ujenzi iliangukia mikononi mwangu, na nilishajua ninachokitaka.

Nilikuwa nimekiona kwenye shule moja tuliyotembelea na wanafunzi. Jua lilikuwa kali, tukaingia darasani, nikaegemea ukuta, nao ulikuwa wa baridi kama mtungi. Walinieleza kwamba ni tofali za kufungamana. Unachimba udongo hapo hapo unapojenga, unauchanganya na saruji kidogo tu, unaukandamiza kwa mashine ya mkono mpaka unakuwa mgumu. Kila tofali lina nundu juu na tundu chini, kwa hiyo yanakaliana bila kuhitaji mota nyingi ya kuyaunganisha. Hayachomwi, kwa hiyo hakuna mti unaokatwa. Hakuna lori la mchanga kutoka mtoni. Na kwa kuwa ukuta unapendeza wenyewe, hauhitaji plasta.

Fundi nilimpata kupitia mwalimu mwenzangu aliyejengewa naye pale Sakina. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mpole, na kuta zake zilikuwa zimenyooka kama zimechorwa kwa rula. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akikoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

"Mwalimu," alisema, "ukuta huu ukianguka, watu hawatasema mwalimu ndiye aliyetaka. Watauliza, fundi ni nani?"

"Hautaanguka."

"Nitajenga, kazi ni kazi. Lakini namba yangu siandiki."

Nilimwuliza kwa nini, wakati kila ukuta wa Sakina una namba yake.

"Zile zinafunikwa," alijibu. "Wewe umesema hupigi plasta. Namba ikiandikwa hapo, itakaa mpaka siku ya kunizika. Watu wapite waseme, yule fundi wa Sakina siku hizi anajenga nyumba za udongo. Simu haitalia tena."

Sikumbishia. Mtu anayeishi kwa kupigiwa simu hafanyi kosa kuilinda namba yake. Ila moyoni nilijiwekea kwamba nyumba yangu haijaisha mpaka namba ile iwepo. Nilitaka aione fahari yake kwenye kazi yetu kama anavyoiona kwenye kazi za wengine.

Mama mkwe naye alikuwa na yake. "Mimi nimezaliwa kwenye nyumba ya udongo," alisema. "Kila kiangazi tunakandika upya, mvua ikija inalamba, tunaanza tena. Nikatoka huko. Sasa mwanangu ameoa msomi, ananirudisha." Alisema akicheka, lakini macho yake hayakucheka sana.

Hata hivyo, tulipokaribia kuanza alinishika mkono akanipeleka kwenye migomba yake. Udongo wa pale ni mweusi, laini, wenye harufu ya mvua hata jua likiwaka. Mkungu mmoja wa ndizi za pale haubebwi na mtu mmoja. "Kama ni lazima ujenge kwa udongo," aliniambia, "basi usijenge kwa udongo wa aibu. Chukua huu."

Hapa ndipo nilipokosea, na nakiri kwako kwamba nilikosea nikijua. Nafundisha udongo kidato cha kwanza. Najua kwamba udongo mweusi wenye mboji ni chakula cha mimea, si mfupa wa nyumba. Ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa. Lakini niambie wewe, mama mkwe anapokukatia kipande cha shamba lake bora, utamwambia nini? Nilisema, "Asante sana, mama." Tukachimba.

Tulifyatua siku mbili kwa mashine ya kukodi, mimi, fundi na vibarua wawili. Tukapanga, tukafunika kwa turubai, tukamwagilia maji asubuhi na jioni kama inavyotakiwa, maana tofali la saruji kidogo likikauka haraka linakuwa dhaifu. Siku ya tano tulifunua.

Fundi alilitazama tofali la kwanza, la pili, la tatu. Yote yalikuwa na nyufa za kuingia kidole.

"Mwalimu," aliuliza taratibu, "hizi ni tofali au ni mikate ya juzi?"

Vibarua walicheka mpaka wakakaa chini. Mama mkwe, aliyekuja na uji, hakucheka. Alilishika tofali likamegukia mkononi mwake. "Udongo wangu," alisema tu, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa mwanaye amefeli mtihani.

Fundi alianza kufungasha mwiko na timazi yake. Nilijua kwamba akiondoka siku ile, nyumba itajengwa kwa saruji na mchanga wa mtoni kama zote, na mimi nitanyamaza. Nikamwambia anipe siku mbili tu, na nikamgeukia mama mkwe nikamwomba msamaha. Nilimweleza kile nilichopaswa kumweleza tangu mwanzo: kwamba udongo wake ni mzuri kupita kiasi, na tofali linataka udongo ambao haupendwi na mgomba.

"Sasa utaujuaje?" aliuliza.

"Una chupa tupu, mama?"

Alikuwa nazo za kutosha. Chupa za siagi ya karanga, za asali, moja ya dawa ya kikohozi. Tulizunguka kiwanja kizima tukichimba mashimo yenye kina cha mkono, na kila shimo tukalipatia chupa yake. Udongo mpaka theluthi, maji mpaka karibu na mdomo, chumvi kidogo, kifuniko, tikisa. Mama mkwe alikuwa na njia yake ya kuweka alama. Kwenye chupa ya shamba la maharage alifunga punje ya haragwe kwenye kitambaa. Ya migombani alifunga utepe wa jani la mgomba. Na ile ya kona wanaposimama mbuzi, samahani, alifunga kinyesi cha mbuzi. Chupa zote zikapangwa barazani kama wanakwaya.

Nikamweleza ninavyowaeleza wanafunzi wangu. Mchanga ni mzito, unashuka kwanza. Juu yake linalala tope laini. Mwisho kabisa unatua ule mwembamba unaoteleza, mfinyanzi, ambao ni gundi. Mchanga ukiwa mwingi na gundi ikawa ya kiasi, tofali linashika. Gundi ikizidi, linapasuka.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta mama mkwe kashafika barazani kabla yangu, amepiga magoti, anapima matabaka kwa vidole. Chupa ya migombani ilikuwa bado nyeusi kama chai ya rangi. Chupa moja tu ilikuwa na mchanga uliopita nusu ya udongo wote, na gundi nyembamba juu yake.

"Ya mbuzi," alisema. Akakaa. "Kona ile? Hata magugu yanaikimbia. Marehemu mume wangu alitaka kuiuza, akakosa wa kumdanganya."

Fundi alipofika na kumwamkia, "Shikamoo, mama," alimwitikia "Marahaba" huku akimsukumia chupa kifuani. "Tazama. Mbuzi wangu wamekaa juu ya nyumba miaka yote hii."

Tulifyatua tena. Safari hii tofali zilipofunuliwa zilikuwa na kingo kali na hazikuwa na ufa hata mmoja. Fundi alizipitia moja moja kwa kidole. Alichukua moja, akalifunga kwenye mfuko, akalipakia kwenye pikipiki yake akaenda nalo Sakina.

Nilikuja kujua baadaye alikolipeleka. Karibu na kwake wapo vijana wanaoosha magari, na jirani yao ni mafundi gereji. Aliliweka tofali langu mahali maji ya kuosha mabasi yanapoanguka. Liliogeshwa mchana kutwa, na jua likitoka linakauka, kisha linaogeshwa tena. Mafundi gereji hawakumwacha.

"Fundi, siku hizi unaosha udongo? Ukitakata unakuwa nini?"

"Mzee, mletee na sabuni basi."

"Ameacha ujenzi huyu, anafuga tofali."

Aliwavumilia wiki nzima. Wiki ilipoisha alirudi Kikwe, akalitoa tofali kwenye mfuko akaliweka mezani mbele yangu. Kona moja ilikuwa imekwaruzika kidogo; nadhani ni gari lililoligonga. Kwingine kote lilikuwa kama lilivyotoka mashineni.

"Tunaanza msingi Jumatatu," alisema.

Msingi tuliujenga kwa mawe meusi ya mlima, tukaunyanyua juu ya ardhi ili maji ya mvua yasiurukie ukuta, na paa tukalitoa nje vya kutosha kuukinga. Hayo mawili yalikuwa mawazo ya fundi, na ndiyo yaliyoiokoa nyumba kuliko yote niliyosoma mimi. Ukuta ulipanda haraka. Majirani walikuja kushika, kugonga, kukwaruza kwa kucha. Mmoja alijaribu hata kuulamba, sijui alitegemea nini.

Masika yalipoanza tulikuwa tumeshapaua. Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha tangu alfajiri hadi saa nne. Ilipokatika tu nilisikia pikipiki. Fundi alikuwa ametoka Sakina bila kuitwa, amelowa mpaka soksi. Hakutusalimia. Alizunguka nyumba yote akipitisha viganja ukutani, akiinama kwenye msingi, akitazama chini kama kuna tope lililotoka ukutani. Maji yaliyokuwa chini yalikuwa meupe. Alizunguka mara ya pili, safari hii taratibu, kama mtu anayetembea tu.

Jumapili ya wiki ile jumuiya ya kanisa ilisali kwa mama mkwe, na baada ya sala akina mama wote walitaka kuiona nyumba. Waliingia, wakashangaa ubaridi wake, wakaegemeza migongo ukutani kama nilivyofanya mimi zamani kwenye lile darasa. Fundi alikuwa anapachika mlango wa jikoni.

"Nani kajenga?" mmoja aliuliza. "Mbona sioni namba?"

Mama mkwe alimtazama fundi. "Hii nyumba haina baba," alisema. "Nimeilea mimi na mbuzi. Baba yake yupo, ila anaona haya kusema ni wake."

Vicheko vilijaa sebule. Fundi aliendelea kukaza skrubu ambayo nilikuwa nimeiona ikiwa imeshakazwa.

Siku iliyofuata alikuja na kopo la rangi nyekundu na brashi. Alivua kofia mbele ya mama mkwe. "Mama, naomba mahali pa kuandika. Nyuma tu, upande wa jikoni panatosha."

"Nyuma kwa nani?" mama mkwe alisema. "Nyuma wanapita kuku. Andika mbele, pale barabarani wanapoona."

Aliandika mbele, kulia kwa mlango, kwa herufi kubwa na mkono uliotulia. Alipomaliza alirudi nyuma hatua kadhaa, akatazama kama imenyooka. Ilikuwa imenyooka. Mimi nilikuwa nimesimama na daftari za wanafunzi mkononi; nikaziweka chini, nikaenda kuchemsha chai.

Simu ilianza kulia. Mama mmoja wa ile jumuiya, kisha mtu wa Sakina, kisha mmoja wa wale wale mafundi gereji, ambaye alitaka chumba cha mama yake kijijini na akaomba wenzake wasiambiwe. Sasa nikikutana na fundi, mara nyingi namkuta simu ipo sikioni, na kila anayempigia anamwambia maneno yale yale kabla hajakubali kwenda. Nimeyasikia mara nyingi mpaka nimeyakariri, kwa hiyo nakupa na wewe.

Usichukue udongo unaoupenda. Chimba shimo la kina cha mkono kwenye kila kona ya kiwanja, hasa ile ambayo haioti kitu. Jaza udongo theluthi ya chupa inayoonyesha, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu, weka barazani, usiiguse mpaka kesho. Kesho pima matabaka kwa vidole: kama mchanga wa chini umepita nusu ya udongo wote, na ule unaoteleza wa juu upo lakini haujafika theluthi, funika shimo hilo lisiingie taka, kisha mpigie fundi.