Shokapu za Baba Mkwe

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na sijawahi kuficha. Ukiniambia kazi yangu mbaya, tutagombana kwanza, halafu ndipo nitaitazama upya. Ndivyo nilivyoishi na karakana ya serikali kule Dodoma miaka kumi na mmoja, na ndivyo nilivyotoka. Siku tuliyopunguzwa kazini wenzangu walipewa mkono wa kwaheri. Mimi nilipewa mkono na onyo juu yake.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Madukani kulianza kujaa vitu: sabuni za kuchagua, redio za kaseti, pikipiki za Kijapani na spea zake za kumwaga. Lakini spea za pikipiki kuukuu za Kiingereza hazikuja na ruksa hiyo, wala vifaa vya kuzifungulia. Karakanani tulikuwa navyo, vimening'inia ukutani kila kimoja mahali pake, na hukichukui bila kuweka sahihi. Vyote vikauzwa mnadani kwa kilo, chuma chakavu. Roho iliniuma, acha tu. Nikafungua gereji yangu Ipagala, wakati huo bado mashamba ya zabibu, chini ya bati sita: jiliwa moja la kubania vyuma, nyundo mbili, tupa tatu na kipande cha reli cha kugongea.

Basi siku moja akaja baba mkwe kutoka Kibakwe, juu ya pikipiki yake. Alikuwa bwana mifugo mstaafu, na pikipiki ile ya Kiingereza alizunguka nayo milimani kazini mpaka serikali ilipoitupa, akainunua. Mbele ilikuwa inavuja mafuta na kugonga kila ikikanyaga shimo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Wanasema wewe ni fundi."

Wanasema! Miaka minne nimemuoa binti yake, na kwake ufundi wangu bado ni tetesi. Nikameza mate, nikamkaribisha kiti.

Shokapu za mbele za pikipiki ile ni miguu miwili. Katika kila mguu kuna bomba linaloingia ndani ya bomba lenzake, springi, mafuta, na bushi za shaba zinazozuia mabomba yasichezecheze. Mafuta yanazuiwa na sili, na sili inashikwa na kofia ya chuma yenye mapengo manne. Kofia hiyo haikubali spana yoyote ya dukani. Mafundi wengi waliipiga kwa patasi. Inafunguka, ndiyo, lakini umeshaitoboa uso, na nyingine huipati.

Mimi nikachukua kipande cha bomba la maji. Nikaipaka kofia grisi, nikaizungushia karatasi mpaka mapengo yakajichora, nikaibandika karatasi ile kwenye bomba. Halafu msumeno, halafu tupa. Siku mbili nzima nilikuwa nachonga meno manne, najaribisha, nachonga tena. Nikalipeleka mjini likachomelewa mpini. Siku lilipoingia kwenye kofia na kutulia, bila kucheza hata kidogo, nilicheka peke yangu.

Kifaa cha pili kilikuwa mpini wa jembe. Bolti ya chini ya kila mguu ukiizungusha, fimbo ya chuma iliyo ndani inazunguka nayo, hata ukikesha haifunguki. Nikauchonga mpini ncha ya pembe nne, nikaushindilia kutoka juu mpaka ukaing'ang'ania ile fimbo, na bolti ikasalimu amri.

Baba mkwe alikuwa ameketi anatazama. "Hicho nacho ni kifaa?"

"Ni kifaa, baba."

"Sisi tulikuwa na vya kiwandani."

Nikatoka nje nikazunguka nyumba mara mbili. Mkwe hagombwi.

Sili nilizipata za gari la Kijapani zenye kipimo kile kile. Lakini bushi za chini, moja kila mguu, zilikuwa zimelika kabisa. Nikampelekea mkereza vyuma mmoja mjini bonge la shaba kutoka pampu mbovu, anikerezee mpya. Naye nikagombana naye kuhusu vipimo, maana ndiyo tabia yangu. Akanirudishia kazi yangu ndani ya kopo, pamoja na vinyuzi vya shaba vilivyotoka katika kukereza, ili nisiseme ameniibia. Nikaingiza vidole kwenye vinyuzi vile, nikatoa bushi moja, nikafunga mguu wa kulia. Nilipokuwa nataka kufunga wa kushoto, baba mkwe akasema springi yangu imepinda. Haikupinda! Nikatoka tena nje, nikazunguka nyumba. Niliporudi nilifunga mguu ule huku moyoni namjibu maneno ambayo mdomoni yasingefaa.

Ijumaa asubuhi akaikandamiza mikono ya pikipiki mara mbili, mbele ikashuka na kupanda kimya kimya. Nilitegemea neno. Akasema, "Tutaona," akaondoka. Angelala Mpwapwa kwa mdogo wake, kisha apande milima kwenda kwake.

Jumamosi mke wangu akataka kopo la kupimia mahindi ya kuku. Akamwaga vile vinyuzi juu ya meza ya kazi. "Mume wangu, hiki kidude kinachong'aa ni cha nini?"

Kilikuwa bushi. Mpya, haijaguswa.

Nikakaa chini kwenye mchanga. Nilijaribu kukumbuka mkono wangu ukiweka bushi kwenye mguu wa kushoto. Nikakumbuka hasira tu. Springi nilikumbuka, maneno ya mzee nilikumbuka, lakini bushi, wapi! Na mguu usio na bushi ya chini unaweza kukudanganya kwenye tambarare. Kwenye mteremko ukishika breki, bomba linakaa upande, linakwama, gurudumu linakwenda linakotaka. Njia ya Kibakwe ni kupanda na kushuka, na kona zake zinatazama korongo.

Nilimweleza mke wangu hivyo hivyo, bila kupunguza. Hakupiga kelele. Alinitazama, akasema, "Nenda kamzuie baba yangu." Akaniwekea vifaa vyangu kwenye kikapu kwa mkono wake mwenyewe, na chupa ya mafuta.

Basi la mchana lilinifikisha Mpwapwa jioni. Kwa mdogo wake nikaambiwa mzee amekula chakula cha mchana na kuondoka. Ee Mungu wangu. Jumapili alfajiri nikapata lori lililokuwa linafuata vitunguu Kibakwe, nikakaa nyuma juu ya magunia matupu. Mama mmoja mchuuzi akachungulia kikapu, akaona lile bomba lenye meno.

"Hicho ni cha kung'olea meno ya ng'ombe?"

Siku nyingine ningemjibu. Siku ile nilikuwa nachungulia kila korongo, natafuta rangi ya tangi la pikipiki kwenye vichaka. Nilisali sala zote ninazozijua, na nyingine nilizitunga. Nilimwahidi Mungu kwamba hasira nitaacha, kabisa. Bado ananidai hilo.

Tulipofika Kibakwe nilikimbia na kikapu mpaka kwake, juu kidogo ya barabara, pale njia inapoanza kuteremkia mtoni. Baba mkwe alikuwa uani, mzima, amevaa shati la kanisani, anapangusa vumbi kwenye tangi kwa kitambaa. Nikasahau hata shikamoo.

"Mkwe? Kuna msiba?"

"Hakuna, baba. Shikamoo. Usiiwashe hiyo pikipiki."

Nikamweleza yote: kopo, bushi, na kwamba nilipofunga mguu wa kushoto nilikuwa nimemkasirikia yeye. Hilo la mwisho ningeweza kulimeza, lakini nilikuwa nimechoka kumeza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Fungua."

Nikaanza na wa kulia, nipate uhakika. Bushi ilikuwemo. Kwa hiyo pengo liko kushoto, nikajisemea. Nikashika mpini wangu wa jembe kuushindilia kwenye mguu wa kushoto. Ncha ikavunjika. Mzee akaingia ndani akatoka na jembe lake mwenyewe, akang'oa mpini, akachukua panga akaanza kuuchonga pembe nne, polepole, akiufananisha na kile kipande changu kilichovunjika. Alichonga vizuri kuliko mimi. Nikaushindilia, bolti ikaachia, kofia ikafunguka, nikavuta.

Bushi ilikuwemo. Imekaa mahali pake, imelowa mafuta, haina kasoro.

Nilirudia kuitazama, nikaigusa, nikahesabu: moja kulia, moja kushoto, na moja mfukoni mwangu. Tatu! Nikaanza kulia. Sikulia kwa staha, nililia mpaka mafuta ya mikononi yakanijaa usoni. Mtu mzima, mbele ya baba mkwe, Jumapili! Yeye akanigeuzia mgongo akatazama kuku, ili asiwe ameona.

Hiyo ya tatu nilikuja kuelezwa Dodoma na mkereza. Shaba ilikuwa imebaki. Akaona akinirudishia kibonge nitasema kilikuwa kikubwa zaidi, akaikereza yote ikawa bushi ya akiba. Anasema aliniambia. Yawezekana, nilikuwa nagombana naye wakati huo.

Nilipokwisha kulia nikafunga miguu yote miwili, nikajaza mafuta, nikarudisha gurudumu. Safari hii kila kipande nilikitaja kwa sauti kabla ya kukiweka, na mzee akawa anaitikia, "Naam." Ndipo nikapata ujasiri wa kumuuliza mlima aliushukaje jana.

"Kwa miguu," akasema.

"Kwa miguu vipi, baba?"

"Tambarare niliendesha, polepole. Milimani nilizima moto, nikakokota, kupanda na kushuka. Nilifika jua limezama, mgongo huu hapa bado unauma. Ningemwamini nani? Mtu anafungua shokapu kwa mpini wa jembe!"

Jamani! Mimi nimekufa mara mia juu ya magunia ya vitunguu, kumbe mzee hakuwa hata juu ya pikipiki. Hasira ikanipanda mpaka kooni, nikafungua mdomo nimwambie. Kilichotoka ni kicheko. Naye akacheka, mara ya kwanza kumwona akicheka, meno mawili ya chini hayapo. Mke wake akachungulia mlangoni kuona kuna nini.

Kisha mzee akavua shati la kanisani akavaa la kazi. Akaisukuma pikipiki mpaka barabarani, akaielekeza kwenye mteremko wa mtoni, akaiwasha kwa teke moja. Akapanda. Akageuka akanitazama.

"Panda."

Mkwe hagusani na mkwe. Hata mkono tulikuwa hatupeani. Na mteremko ule una mawe, na mzee hakuwa ameweka hata mguu kwenye breki. Nilipanda. Alipoachia klachi nilimkumbatia kiunoni kwa mikono miwili, nikafumba macho, tukashuka naye.